Ziara ya mauaji ya kale Edgefield: nyota tatu, na Hamburg nendeni wenyewe

Tiketi ni dola 25, wazee nusu bei, na mvi zangu zilitosha kuwa kitambulisho. Aliyeikata ni binti yangu, muuguzi hapa Augusta, jimbo la Georgia. Alisema mtu aliyemaliza utumishi wake kwenye masijala ya mahakama kule Kilosa hawezi kupelekwa bustanini kutazama maua. Hakukosea. Majalada ya vifo nimeyashika sana, na ziara hii nimeipima kwa jicho hilo la karani.

Edgefield iko ng'ambo ya mto Savannah, upande wa South Carolina, kama kilomita 40 kutoka Augusta. Ni kaunti ya mashamba, na katika karne ya 19 ilijulikana kwa mambo mawili: kutoa wanasiasa na kumwaga damu. Mara nyingi waliofanya la kwanza ndio hao hao waliofanya la pili. Preston Brooks, mbunge aliyemcharaza Seneta Charles Sumner kwa bakora ndani ya ukumbi wa Seneti tarehe 22 Mei 1856 hadi akazimia, alikuwa wa hapa na kaburi lake liko hapa. Wapiga kura wake hawakumkemea. Walimtumia bakora mpya.

Mwongozaji wetu ni mama wa makamo mwenye sauti ya mhubiri, na kwa kusimulia hana mpinzani. Alituanzia kwenye ngazi za mahakama ya mwaka 1839, jengo la matofali lenye nguzo nne linalotazama uwanja wa mji. Akamleta Becky Cotton, mwanamke aliyemuua mumewe kwa shoka, akashtakiwa mwaka 1806 na jopo likamwachia huru. Wenyeji wanasema uzuri wake uliwalegeza wazee wale. Mwaka uliofuata ndugu yake mwenyewe akamuua. Mhubiri Mason Weems aliiuza hadithi hiyo kwa kijitabu, na kwa kuwa Weems ndiye pia aliyetunga kisa cha George Washington na mti wa cheri, mimi hayo ya uzuri nayaweka kando mpaka nione ushahidi.

Kisha tukapelekwa pale familia za Booth na Toney zilipofyatuliana risasi mchana kweupe, Agosti 1878, watu wakiwa wamejaa mjini. Mama alionyesha kwa mikono nani alisimama wapi. Mkwe wangu alichukua video. Sawa, ni burudani, na hela yetu ilikuwa ikifanya kazi.

Lakini nusu saa iliyofuata ndiyo iliyonifurahisha kweli. Tuliketi kwenye mabenchi kivulini, tukapewa karanga za kuchemsha (ladha ileile ya stendi ya Msamvu, ila chumvi imezidi), na kila mmoja akakabidhiwa nakala ya karatasi za uchunguzi wa kifo za karne ile. Hapo nikasogea mbele.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mtu akikutwa amekufa na sababu haieleweki, anaitwa mchunguzi wa vifo wa kaunti, au hakimu mdogo wa jirani kama mchunguzi yuko mbali. Huyo anakusanya wanaume wa eneo, kwa kawaida kumi na kitu, wanaapishwa, kisha wanautazama mwili palepale ulipo: shambani, kisimani, kitandani. Mashahidi wanasema, karani anaandika, asiyejua kusaini anatia alama ya msalaba. Daktari akipatikana anaitwa, asipopatikana macho ya wakulima yanatosha. Mwisho jopo linaandika uamuzi. Jambo hili wamelirithi kwa Mwingereza, na sheria yetu ya uchunguzi wa vifo nasi tumeirithi hukohuko, ndiyo maana nilijiona niko nyumbani. Mchungulie mmoja wa wanajopo hao kwenye maandishi yake na utamwona mzee wa baraza wa mahakama ya mwanzo: anamjua marehemu, anamjua mshukiwa, na ng'ombe wake wako malishoni wanamsubiri.

Karatasi zenyewe zina lugha ya ajabu. Muuaji hakuua tu. Aliua "bila kuwa na hofu ya Mungu mbele ya macho yake, bali kwa kusukumwa na uchochezi wa shetani". Kifo cha ghafla kisichoeleweka kiliandikwa kuwa ni "kujiliwa na Mungu". Na vifo vingi havina bastola wala heshima ya mabwana: mwanamke ambaye gauni lake limeshika moto wa jikoni, mtoto mchanga anayesemekana kulaliwa na mama usingizini, mlevi aliyekutwa kijitoni. Watumwa nao walichunguzwa wanapokufa, na mama akatukumbusha kwamba mtumwa alikuwa mali, kwa hiyo kifo chake kilikuwa pia hesabu ya mtu. Alichosahau kusema ni kwamba kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Mweusi hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu katika mahakama za jimbo hili. Bila kujua hilo huwezi kuusoma uamuzi wowote wa "ajali" uliotokea shambani wakati msimamizi wa Kizungu yuko peke yake na watumwa. Jalada limejaa, saini zipo, na waliouona ukweli hawamo.

Nilimwuliza kuhusu uamuzi wa "aliuawa mikononi mwa watu wasiojulikana", uliokuwa maarufu baadaye kwa watu walionyongwa na makundi. Msomaji wa Dar sihitaji kumweleza maneno hayo. Akajibu kwamba mashahidi waliogopa. Ni kweli, ila njiani kurudi Augusta liko jalada moja ambalo waliotajwa walijulikana wote, na hilo ndilo ziara ilipaswa kulibeba kama mboni.

Nazungumzia Hamburg, si ile ya Ujerumani bali mji mdogo uliokuwa South Carolina, ukingoni mwa Savannah mkabala na Augusta. Basi lilipita hapo wakati wa kurudi, kiyoyozi kikigoma, na mama akasema "hapa kulitokea vurugu mwaka 1876", akageukia habari za mafuriko yaliyoumaliza mji. Hatukushuka.

Basi nishuke mimi. Tarehe 4 Julai 1876, Marekani ikitimiza miaka 100 ya uhuru, kikosi cha wanamgambo Weusi kilikuwa kikifanya gwaride barabarani Hamburg. Wazungu wawili wakaja na gari lao la farasi wakitaka kupitishwa katikati. Wakapitishwa baada ya maneno makali, kisha wakaenda kushtaki. Hakimu wa mji alikuwa Prince Rivers, aliyekuwa mtumwa na kuendesha gari la bwana wake huko Beaufort, akawa sajenti katika jeshi la Muungano, yaani la kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaingia bunge la jimbo. Siku ya kusikiliza kesi, tarehe 8, Matthew Butler, wakili na jenerali wa zamani kutoka Edgefield, alikuja kuwatetea walalamikaji, na nyuma yake mamia ya wanaume wenye silaha. Alitaka kikosi kikabidhi bunduki. Kikosi kikajifungia ghalani. Mzinga ukavushwa kutoka Augusta. Kijana mmoja wa Kizungu, McKie Meriwether, aliuawa katika mapigano; upande wa pili waliuawa sita, na wanne kati yao walikuwa wameshakamatwa. Walitolewa mmoja mmoja usiku, wakapigwa risasi.

Sasa sikia kazi ya hakimu. Rivers, nyumba yake ikiwa imeporwa usiku uleule, alifungua uchunguzi wa kifo kwa taratibu zote: jopo, viapo, maandishi. Jopo likataja kwa majina zaidi ya Wazungu 80, Butler na mkulima kijana wa Edgefield aitwaye Benjamin Tillman wakiwamo. Mimi nimeona mahakimu wenye ulinzi wa polisi getini wakiahirisha shauri kwa kukohoa. Washtakiwa walidhaminiwa huko Aiken, kesi ikasogezwa hadi baada ya uchaguzi, na haikusikilizwa kamwe. Butler akawa seneta. Tillman akawa gavana, kisha seneta, na mwaka 1909 akasimama jukwaani akaeleza kwa fahari aliyoyafanya. Rivers alirudi kuendesha gari la farasi huko Aiken mpaka kufa kwake.

Mama anayo sauti ya kuisimulia hii, na nakala za maandishi zinapatikana. Nilipomwambia, aliniangalia kwa adabu akasema wageni wengi huja kwa ajili ya Becky. Sina ugomvi naye, ila nyota mbili nimezishika hapo.

Mengine kwa haraka. Vyungu vya David Drake, mtumwa aliyekuwa akisaini kazi zake na kuzichongea mashairi wakati sheria ya jimbo ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma, vimo kwenye ziara kwa dakika kumi tu; ombeni muda zaidi, ataongeza. Choo ni kisafi. Chai baridi ina sukari ya kugandisha kijiko. Mwenye magoti mabovu akae upande wa mbele wa basi, ngazi zake ni ndefu.

Chukueni ziara ya asubuhi, kisha mtumie gari lenu kwenda North Augusta. Katika bustani ya Calhoun mtaona mnara mrefu wa mwaka 1916 wa kumkumbuka Meriwether peke yake. Wale Weusi sita walipata kibao mwaka 2016, nje ya bustani hiyo, na majina yao yamo: Allan Attaway, James Cook, Albert Myniart, Moses Parks, David Phillips, Hampton Stephens. Maegesho ni bure.