Miezi saba na sanduku la nyungunyungu

Mimi ni mtu wa kubeba bango. Maandamano ya mazingira siyakosi, na mifuko ya plastiki nilishaipiga marufuku nyumbani. Lakini ndoo yangu ya taka ukiifunua, zaidi ya nusu ni maganda na makombo, na yote yalikuwa yanakwenda dampo. Yakifukiwa huko pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hunasa joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi ya uzito uleule. Nikaona haya, nikanunua sanduku la kutengenezea mboji kwa nyungunyungu.

Ni trei tatu za plastiki (ndiyo, plastiki, nicheke tu) zenye matundu chini, zimepandana juu ya beseni lenye koki ya kutolea maji. Unatandika katoni iliyochanwa na kuloweshwa, unaweka nyungunyungu wekundu, unaanza kuwalisha. Chakula kikiisha trei ya chini, wanapanda wenyewe.

Kijitabu cha maelezo kinasema walishwe kila siku. Niliwalisha kama wageni wa harusi. Wiki ya tatu nafunua kifuniko, harufu ya yai viza ikanipiga usoni; nyungunyungu wamejazana ukutani wakitafuta pa kutokea, wengine wamekaukia sakafuni. Makombo yalikuwa mengi mno, hewa haipiti. Nikatoa nusu, nikachanganya katoni kavu, nikawaacha siku kumi bila kuwapa kitu. Siku hizi napima unyevu kwa mkono: nafinya fumba moja la mchanganyiko, likidondosha tone moja au mawili, sawa, likichuruzika, naongeza katoni. Nyama, vitunguu na maganda ya ndimu siwapi. Ya mayai nayasaga kwanza, yanapunguza uchachu.

Koki ndiyo balaa. Inaziba kila mara, naizibua kwa mswaki mkuukuu nikiwa nimepiga magoti. Kichujio kidogo tu kingetosha, sijui walishindwa nini.

Ulipofika mwezi wa tano tangu nianze, nikavuna mboji: nyeusi, laini, inanukia kama udongo uliopata mvua. Ndoo niliyokuwa naitoa kila baada ya siku mbili sasa inamaliza wiki na hainuki.

Nyota nne kwa sanduku hili. Jirani yangu ameshanunua lake, nimempa nyungunyungu wa kuanzia na kumwambia kile kijitabu asikifungue.