Kumeza bariamu Mwanza: uzoefu wangu na kipimo kilichokamata ugonjwa wa umio

Kama chakula kinakukwama kifuani, maji nayo yanakwama, na dawa za vidonda vya tumbo umeshakunywa mpaka umezichoka, basi kipimo ninachotaka kukielezea hapa ni kile cha kumeza bariamu, dawa ya kunywa inayoonekana kwenye picha, huku ukipigwa picha za mionzi ya umio, yaani mrija unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ni kipimo cha zamani, hakina mbwembwe, na hapa Mwanza watu wengi hawajui hata kama kipo. Tukiambiwa "nenda kapige picha" tunawaza eksirei ya kifua au altrasaundi ya wajawazito. Mwenye hela anawaza siti skani. Mimi nimepita kwenye hizo zote, na jibu lilikuja kwenye bariamu.

Nafanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Kazi yangu naitaja kwa sababu ndiyo iliyowapa watu tafsiri ya haraka. Anayeshinda na samaki akisema anakwama koo, kila mtu ana jibu: mwiba huo. Nikaambiwa nimeze tonge kubwa la ugali mkavu lisukume mwiba. Tonge lenyewe likakaa katikati ya kifua, nyuma ya mfupa, mpaka nikainuka kwenda kulitoa. Shangazi yangu wa Sengerema akaleta ndizi mbivu, baadaye siki. Simcheki, kwa sababu kukwamwa na mwiba wa sato ni mambo ya kila siku huku ziwani. Ila mwiba unachoma palepale na siku ileile. Hauanzi pole pole ukaongezeka miezi na miezi, na haukwamishi maji ya kunywa.

Halafu kikaja kikohozi. Nikilala chali nashtuka usiku nimepaliwa, mto umelowa, na kwenye mto mna punje za wali wa jioni, nzima, hazina hata uchachu. Hilo la kukosa uchachu nilikuja kulielewa baadaye: wali ulikuwa haujafika tumboni, haujagusana na asidi. Mwili nao ukapungua mpaka magauni ya kanisani yakawa ya mtu mwingine.

Hospitali ya kwanza waliona kikohozi na kukonda wakapima makohozi, wakitafuta kifua kikuu. Walifanya sawa; nchi hii kifua kikuu kipo, na mtu aliyekohoa wiki mbili au zaidi anatakiwa kupimwa. Makohozi yakawa safi. Wakapiga eksirei ya kifua, wakaona wingu upande wa kulia chini, nikapewa dawa za nimonia. Nikapata nafuu, ikarudi. Nikapata nafuu tena, ikarudi.

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba filamu ile ya kwanza ilikuwa na karibu kila kitu. Daktari bingwa wa mionzi aliyekuja kunipima baadaye aliiweka kwenye kisanduku cha taa, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Kivuli cha katikati ya kifua kilikuwa kimepanuka. Nyuma ya moyo kulikuwa na mstari ulionyooka, hewa juu na maji chini, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na maji yaliyotuama. Na chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, upande wa kushoto, palikuwa patupu. Mtu akipigwa picha amesimama, pale huonekana kwa kawaida duara la hewa ya tumbo. Langu halikuwepo, kwa sababu hewa na chakula vilikuwa vimezuiwa huko juu. Ripoti ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja tu, kuhusu pafu la kulia. Aliyeisoma alikuwa anatafuta ugonjwa wa mapafu, akaangalia mapafu. Kwa hiyo filamu zako usizifungie maandazi. Nenda nazo kila unakokwenda, hata zile ulizoambiwa hazina kitu.

Kukipata kipimo chenyewe ni kazi. Kinahitaji mashine ya floroskopi, yaani ile inayorusha mionzi mfululizo ili daktari aone kwenye skrini kitu kinavyotembea ndani ya mwili, tofauti na eksirei inayokamata mara moja tu ikaisha. Mahali pa kwanza nilipoenda hawakuwa nayo. Mahali pa pili walikuwa nayo, mbovu, na dirishani hawakuniambia mpaka nimeshakaa kwenye benchi asubuhi nzima na njaa yangu. Mwanza inapokea wagonjwa wa Geita, Mara, Kagera, Simiyu, Shinyanga na visiwani, kwa hiyo foleni tumeshaizoea. Lakini kumwachia mtu aliyefunga tangu jana akae anasubiri mashine isiyowaka, hapana. Piga simu kwanza, uliza maswali mawili: inafanya kazi leo? daktari wa kuisimamia yupo? Hospitali siitaji, ya kulalamikia wala ya kusifu, maana zamu ikibadilika na huduma inabadilika.

Shangazi ndiye aliyenisindikiza siku ya kipimo. Siku hizi anavuka Daraja la Kigongo–Busisi bila kusubiri kivuko, basi alifika hospitali kabla yangu mimi ninayekaa mjini, na alihakikisha kila mtu kwenye benchi anajua hilo.

Maandalizi ni mepesi. Usile wala usinywe kitu tangu usiku. Mimi niliongezewa sharti la kunywa vya majimaji tu kabla ya hapo, uji mwepesi na supu ya kuchuja, ili chakula kilichotuama kwenye umio kipungue. Ukifika unavua mkufu, sidiria na chochote chenye chuma, unavaa gauni la hospitali. Kijana wa mionzi alianza na shikamoo, kisha akaniuliza kama nina mimba na mara ya mwisho niliingia lini kwenye siku zangu. Msikasirikie swali hilo, kina mama. Asiyeuliza ndiye wa kumwogopa.

Meza ya mashine inasimamishwa wima, unasimama nayo mgongoni, kikombe mkononi. Bariamu ni nyeupe, nzito, wameitia utamu wa matunda wa kutengeneza, na ukishameza inabaki ladha ya chaki. Nilipomwambia daktari kwamba napaliwa usiku alisita, akanipa kwanza funda dogo tu aone kama linaelekea njia ya hewa. Alinieleza kwamba kuna dawa nyingine ya picha, ya majimaji, ambayo hutumika wanapohofia umio umetoboka, kwa sababu bariamu ikivujia kifuani inaleta shida. Lakini kwa mtu anayepaliwa, baadhi ya hizo za majimaji zikiingia mapafuni zina madhara kuliko bariamu kidogo. Kwa hiyo la kupaliwa liseme mapema, hata kama hujaulizwa.

"Mama, jaza mdomo, usimeze mpaka nikwambie. Haya, meza."

Skrini aliigeuza nione. Bariamu ilishuka upesi kuliko nilivyotegemea, ikafika chini ya kifua, ikasimama. Nikanywa tena, ikapanda juu ya ile ya kwanza, umio ukatanuka. Chini kabisa, pale unapoungana na tumbo, nguzo ile pana ilikatika ghafla ikawa ncha nyembamba. Madaktari wa mionzi wanaiita mdomo wa ndege, na kweli, mimi nilimwona mnandi wa pale kwenye Mwamba wa Bismarck ameinamisha mdomo majini. Mara moja moja kwenye ncha ile palichuruzika kidogo kuingia tumboni, kisha pakafunga. Kuta za umio, ambazo zilitakiwa kusukuma kwa mpangilio kutoka juu kwenda chini, zilikuwa zinatikisika tu ovyo.

Kisha ikaja sehemu ninayoiona ya maana kuliko zote, nayo haikugharimu kitu zaidi ya saa ya ukutani. Unakunywa kiasi kilichopimwa, unabaki umesimama, picha inapigwa dakika ya 1, ya 2 na ya 5, na wanapima urefu wa kilichobaki. Kwa mtu mzima wa afya, muda huo umio umeshajisafisha. Changu dakika ya 5 kilikuwa kimesimama karibu palepale. Hakuna aliyehitaji kunieleza tena.

Ugonjwa unaitwa akalasia. Seli za neva ndani ya ukuta wa umio zinakufa, msukumo unapotea, na msuli wa chini unaofanya kazi ya mlango haulegei tena unapomeza. Ni ugonjwa wa nadra, karibu mtu 1 mpya kati ya watu 100,000 kwa mwaka, kwa hiyo daktari wa kawaida anaweza kufanya kazi muda mrefu asikutane nao. Lakini si mpya. Mwingereza Thomas Willis aliuandika mwaka 1674. Mgonjwa wake alikuwa anasukuma chakula kwa mfupa wa nyangumi uliofungwa sponji mwishoni. Nikamkumbuka shangazi na tonge lake, nikamsamehe. Na yale mawingu kwenye pafu ni chakula kinachofurika usiku na kuingia njia ya hewa. Huenda zaidi kulia kwa sababu bomba la hewa la kulia ni pana na limenyooka kuliko la kushoto.

Baada ya hapo niliingizwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na nasisitiza: bariamu ikikuonyesha mdomo wa ndege, usitulie bila endoskopi. Saratani iliyojificha kwenye maungio ya umio na tumbo inaweza kutengeneza picha inayofanana, na sisi wa Afrika Mashariki tuko kwenye ukanda wenye saratani ya umio nyingi. Kamera inaona utando na inachukua vinyama vya kupima. Kwangu haikukuta uvimbe. Daktari alinieleza pia kwamba kipo kipimo cha kupitisha mrija puani unaopima presha ndani ya umio, na kwamba duniani ndicho kinachohesabiwa cha kuthibitisha; kwangu uamuzi ulifanywa kwa bariamu, endoskopi na siti.

Siti skani ya kifua nilifanyiwa ili waangalie nje ya ukuta wa umio na hali ya mapafu. Ni nzuri kwa kazi hiyo. Ila ina gharama, na haijui kama unameza au humezi. Umelala, umeshika pumzi, imekamata. Mionzi yake pia si sawa na ya eksirei. Kwa milisiveti, yaani kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini, eksirei moja ya kifua ni karibu 0.1, siti ya kifua ni karibu 7, na mtu yeyote duniani hupata kwa wastani karibu 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Bariamu iko katikati, kutegemea mashine imewashwa muda gani. Ndiyo maana sipendi mtindo wa mgonjwa kudai siti kwanza kwa sababu ndiyo ya bei. Mueleze daktari kinachokwama, kinakwama wapi, kigumu tu au na maji, umwache achague.

Lawama zangu mbili. Ripoti ilichelewa mpaka nikaanza kuwasalimia walinzi kwa majina. Na picha nilipewa kwenye sidii ambayo hospitali iliyofuata haikuweza kuifungua. Dada wa mapokezi akaizungusha kidoleni akanirudishia. Omba sidii na filamu za karatasi zote mbili, na ripoti isainiwe.

Kitu ambacho hawakunisisitizia vya kutosha: bariamu haiingii kwenye damu, inatoka kama ilivyoingia. Choo kitakuwa cheupe, usipige kelele. Kitakuwa pia kigumu usipokunywa maji mengi, na kwa mtu ambaye maji yenyewe yanapita kwa tabu hilo ni la kupanga mapema. Mimi nilikunywa kidogo kidogo mchana kutwa nikiwa nimesimama.

Matibabu nilipewa uchaguzi wa kupanuliwa kwa puto au upasuaji wa kuukata msuli ule, ambao Mjerumani Ernst Heller aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Nikachagua upasuaji. Neva zilizokufa hazirudi. Kilichofanyika ni kuufungua mlango, chakula kinashuka kwa uzito wake. Kiungulia ninacho kidogo, kichwa cha kitanda nimekiinua kwa matofali, na siwahi kulala nimetoka kula. Pafu halijarudia wingu.

Kwa bariamu yenyewe natoa nyota tano, kwa huduma ya ripoti mbili. Sasa hivi nakula ugali na dagaa wa kukaanga, nusu sahani, maji pembeni. Nimepangiwa bariamu ya marudio walinganishe ile dakika ya 5. Nimeshapiga simu: mashine inafanya kazi, na daktari yupo.