Kobe wa Changuu: ziara nzuri, ukijua kuwasogelea

Kati ya safari fupi za boti kutoka Mji Mkongwe, Zanzibar, hii ya kisiwa cha Changuu ndiyo tunayompendekezea anayetaka kumgusa kobe mkubwa bila kumtia hofu. Ni kobe wa Aldabra, aina ya kobe wakubwa wa visiwani Ushelisheli. Wa kwanza waliletwa kutoka huko mwaka 1919.

Nenda asubuhi. Jua likikaza, hujificha vivulini na hawataki mtu. Mjie kwa mbele, chuchumaa, mkono uwe chini ya usawa wa macho yake. Ukimtokea kwa nyuma au juu, huvuta kichwa ndani na kutoa pumzi kwa nguvu, "hsss". Basi subiri, usimfuate. Ukimlisha mchicha, ushike mwisho kabisa wa shina: hana meno, lakini taya zake hukata, na kidole kilicho karibu na jani kitaumia. Akishakula, mkune shingoni taratibu. Aliyekuzoea huinuka kwa miguu yote minne na kunyoosha shingo ndefuuu, anataka uendelee. Inapendeza mno!

Usimkalie wala kumnyanyua, hata mtoto akililia picha. Kasoro ni msongamano wa adhuhuri. Na unawe kwa sabuni kabla ya kula, kwani kobe huweza kubeba salmonela, bakteria wanaoleta maradhi ya tumbo.