Kupima C3 na C4 Moshi mjini: maelezo safi, tyubu zinalala mezani

Kwa wenye wagonjwa wa lupasi huku kwetu, ule ugonjwa kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, nimempeleka mdogo wangu kupima C3 na C4, protini za kinga kwenye damu, kwenye maabara moja ya binafsi sio mbali na stendi ya Moshi, jina naliacha maana wana la kusifiwa na la kusemwa.

Sifa kwanza. Yule dada wa maabara anajua kuelezea bwana, mi nilidhani chembe nyekundu kazi yake oksijeni tu kumbe zinabeba na taka. Anasema kingamwili zikinasana na kile zinachokishambulia zinafanya vibonge, protini za kinga zinazoitwa komplimenti, ndo hizo kina C3, zinavipaka, na juu ya chembe nyekundu kuna vipokezi vinaitwa CR1, kama ndoano vile, vinavikamata vibonge vinasafirishwa mpaka kwenye ini na bandama, huko seli walaji zinashusha mzigo, chembe inarudi njiani tupu kama toroli za Kiborloni. Sasa kwa mwenye lupasi ndoano zinakuwa chache, nyingine zinakatikia hukohuko kwenye kushusha, vibonge vinabaki vinazurura vinaenda kukwama kwenye figo. Na C3 ikishuka mara nyingi ni kwamba inatumika kwa fujo kuliko inavyotengenezwa. Nikamwambia si mtupimie hizo ndoano zenyewe, akacheka, hiyo kaka ni ya watafiti.

Haya, lawama. Damu imetolewa saa tatu asubuhi, nimeenda zangu kunywa chai, narudi saa saba kufuata risiti naikuta tyubu yetu mezani palepale jua la dirishani linaichoma, eti sampuli zinapimiwa kwingine na dereva hajafika! Si izungushwe basi kwenye mashine damu ijitenge, yale maji ya juu yatolewe yawekwe kwenye friji, maana komplimenti ikikaa ovyo kwenye joto majibu yanadanganya. Kesho yake simu, mje turudie. Na mdogo wangu mishipa yenyewe ya kutafuta kwa tochi. Hela hawakudai tena, hapo poa, ila nauli ya Marangu kwenda na kurudi nani anarudisha?

Nyota tatu kwa tano, zote za yule dada. Ukienda uliza dereva anaondoka saa ngapi kabla hujakunja shati. C3 imekuja iko chini, Jumatatu tunarudi na mkojo wakaangalie protini, tujue kama figo zimeguswa.