Sindano za jicho kwa wenye kisukari: kliniki ya retina niliyotibiwa Dar es Salaam

Mimi ni fundi cherehani wa Tanga, nina kisukari cha miaka mingi, na jicho langu la kulia limetibiwa kwenye kliniki moja ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, jijini Dar es Salaam. Namwandikia mwenzangu wa sukari aliyeambiwa achomwe sindano ya jicho, na sasa usingizi umemruka.

Sindano yenyewe haina kishindo. Unatiwa matone ya ganzi, jicho linasafishwa kwa ayodini, kope zinashikiliwa wazi na kifaa kidogo, unaambiwa utazame juu. Daktari anachoma kwenye weupe, milimita nne hivi kutoka ukingo wa duara jeusi. Unasikia kubanwa, basi. Kinachowasha ni ayodini, tena mpaka jioni. Mwombe muuguzi akuoshe mara ya pili, hakatai. Jioni ile niliona vitone vya mviringo vikielea, nikatulia kwa kuwa muuguzi alishanieleza kwamba ni viputo na vitayeyuka. Alilokazia ni hili: jicho likizidi kuuma, likizidi wekundu au uoni ukififia, rudi siku hiyo hiyo. Maambukizi ya ndani ni nadra, lakini yanaweza kupofusha. Namba ya simu waliyotupa inapokelewa, hata usiku.

Lakini kilichonifanya niandike ni picha. Kabla ya sindano ya kwanza walipiga picha ya retina na kipimo cha OCT (picha ya mwanga inayoonyesha tabaka za retina), kisha dokta akanigeuzia skrini. Nikaona vifundo vyekundu kwenye mishipa midogo, madoa ya damu, na makula, yaani kitovu cha retina kinachoona tundu la sindano, imevimba kwa majimaji yaliyovuja. Akanieleza kwamba sukari huziba mishipa midogo, retina ikikosa hewa inatoa kemikali iitwayo VEGF, na kemikali hiyo ndiyo inayoivujisha mishipa ya zamani na kuotesha mipya isiyo imara. Dawa ya sindano inaikamata kemikali hiyo.

Baada ya sindano kadhaa akaweka picha mbili kando kwa kando. Uvimbe ulikuwa umeshuka, makula imerudisha kibonde chake cha kawaida. Madoa ya damu yamepungua, vena zilizokuwa zimevimba zimekuwa nyembamba, na kimshipa kipya kilichoota karibu na neva ya jicho kimenywea. Nilifurahi mno, nami nilikuwa nimeanza kusoma tena alama za futi yangu.

Daktari mwingine angeniruhusu niende na furaha yangu. Huyu alinifanyia kipimo cha rangi ya manjano inayochomwa mkononi (mkojo unageuka rangi ya chungwa, usishtuke), akanionyesha maeneo meusi pembeni mwa retina. Hapo mishipa midogo imekwisha kufa, na sindano haijaifufua. Akasema, "Mama, mishipa imeacha kuvuja, lakini njaa ya retina iko palepale. Dawa ikiisha nguvu nawe hujarudi, itaota mingine." Sijawahi kuelezwa ugonjwa wangu kwa ukweli kiasi hicho.

Ndipo akaniuliza naishi wapi, nauli ananipa nani, nani ananisindikiza. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2015 ulioonyesha kwamba kwa mishipa iliyoota, sindano haizidiwi na leza (mwanga mkali unaochoma retina pembeni), lakini hiyo ni kwa mgonjwa anayehudhuria. Anayepotea njiani hulindwa zaidi na leza. Kwa safari za Tanga, akaniongezea leza pembeni mwa retina. Leza inauma kuliko sindano, na usiku sasa naona hafifu kidogo, jambo alilonitahadharisha. Bado naona aliamua vema.

Kuhusu dawa: wanaanza na Avastin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Chupa moja inagawanywa kwa wagonjwa wengi, ndiyo maana bei yake ni nafuu sana kuliko dawa nyingine za sindano hii, Eylea au Lucentis, na tangu 2013 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya macho. Walisema wazi pia kwamba kwa aliyekwisha kupoteza uoni mwingi, Eylea ilifanya vizuri zaidi katika mwaka wa kwanza. Mwenye uwezo achague akijua.

Kasoro ninayo moja na inaniudhi kweli. Foleni inaendeshwa kwa namba kwenye skrini ya ukutani, ilhali wote tumekwisha kutiwa dawa ya kutanua mboni na hatusomi vizuri. Wazee wanapitwa na zamu zao wakiwa wamekaa palepale. Muuguzi aite majina kwa sauti, haigharimu kitu.

Nenda na mtu wa kukushika mkono, miwani ya jua, na daftari lako la sukari na presha. Dokta analisoma kabla hajagusa jicho.