Presi ya Kwanza ya Kujaza Risasi: Kijani, Nyekundu au Bluu?

Hamjambo watazamaji, karibuni tena gereji. Leo mezani nina presi tatu, na swali ni lile lile mnaloniuliza kila wiki: anayeanza kujaza upya maganda ya risasi anunue ipi?

Kwanza neno kwa mlio nyumbani. Mimi niko Texas. Huku Marekani ukijaza risasi za kutumia mwenyewe huhitaji leseni ya serikali kuu. Ukitaka kuuza, unaihitaji. Kenya na Tanzania sheria ya silaha ni nyingine kabisa, na ni kali. Tazameni tu, msijaribu. Haya.

Hii ya kijani ni RCBS Rock Chucker. Chuma kitupu, nzito, ya hatua moja. Unafunga dai moja juu, yaani kifaa cha chuma kinachofanya hatua moja ya kazi kwenye ganda, unaweka ganda moja chini, unavuta mpini, kazi moja imekwisha. Maganda 50 yote yakishapita kwenye dai hiyo ndipo unafunga nyingine. Ni polepole, sikatai. Saa nzima ukipata risasi 50 umejitahidi.

Hii nyekundu ni Lee Classic Turret. Kichwa cha presi kinabeba dai nne na kinajizungusha kila ukivuta mpini, kwa hiyo hufungui wala kufunga chochote katikati ya kazi. Ndani kuna fimbo inayokizungusha. Ukiichomoa, presi inakuwa ya hatua moja. Hapo Lee wamefikiri.

Na hii ya bluu, Dillon RL 550, ndiyo inayowatoa watu udenda kwenye video. Maganda manne yako kazini kwa pamoja, kila moja na hatua yake, na kila mvuto wa mpini unakupa risasi nzima. Sahani ya chini unaizungusha mwenyewe kwa kidole. Ukisahau kuizungusha, ganda lile lile linaweza kumiminiwa baruti mara ya pili.

Hapa nataka tukae kidogo. Ganda la .38 Special ni refu, na baruti nyingi za bastola hazilijazi hata nusu. Maana yake dozi mbili zinaingia humo bila kumwagika, na kichwa cha risasi kinakaa juu yake vizuri tu kana kwamba hakuna kitu. Utakuja kugundua bastola ikipasuka mkononi.

Mimi nilianzia kwenye mashine ya kasi ya kuazima. Siku moja simu ikalia, nikapokea, nikapiga soga. Kurudi sikumbuki: ganda hili limeshapata baruti au bado? Na lililotangulia je? Nikakaa hadi usiku nikivunja risasi 30 moja moja kwa nyundo ya kung'olea vichwa. Mke wangu akafikiri najenga kabati.

Kwa presi ya hatua moja, maganda yote 50 yanasimama wazi kwenye kibao kabla hujaweka kichwa hata kimoja. Unachukua tochi, unamulika safu kwa safu. Lenye baruti iliyopanda kuliko wenzake unaliona papo hapo. Kwa hiyo anayeanza, mimi namwambia kijani. Kama hamsini kwa saa zitakukera, chukua nyekundu, lakini miezi ya mwanzo fimbo iwe kwenye droo.

Bluu itakusubiri. Na hela ya dai haipotei, maana presi zote tatu hizi zinatumia uzi ule ule wa inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi. Utakazonunua leo utazihamishia huko.

Ila bajeti isiishie kwenye presi. Bakisha ya mizani na kitabu cha vipimo, maana bila hivyo viwili hakuna baruti itakayofunguliwa kwenye meza hii. Haya, nipitishieni hiyo spana, tuifunge ya kijani. Bolti zipite mpaka chini ya mbao. Skrubu fupi zitang'oka siku ya kwanza ukilivuta ganda la bunduki kubwa.