Ubongo wa plastiki wa kufundishia saikolojia: uzoefu wangu darasani

Nafundisha saikolojia ya utangulizi kwa walimu tarajali, na mada inayowatoa jasho wengi ni misingi ya kibiolojia ya tabia: neva, ubongo, homoni. Ikibaki ubaoni tu, mada yote inageuka orodha ya majina magumu ya kukariri. Ndiyo maana nikanunua ubongo wa plastiki wa ukubwa halisi, ule unaofunguka vipande vinane, kwenye duka moja la vifaa vya maabara Dar es Salaam. Nimelipa Sh 85,000 kutoka mfukoni mwangu. Muuzaji alianzia laki moja na ishirini, tukavutana. Jina la kiwanda halikuandikwa popote, si kwenye boksi wala kwenye kijitabu chake.

Kwa umbile haukunivunja moyo. Mikunjo ya juu imechongwa vizuri, ubongo mdogo uko mahali pake kule nyuma chini, shina la ubongo linachomoka, na lobu nne, yaani maeneo makuu ya ubongo, zimepakwa rangi nne tofauti. Hizo lobu nafundisha kwa kuwaambia wanachuo washike vichwa vyao: paji, utosi, panja, kisogo. Baada ya hapo hata aliyekaa nyuma kabisa anajua kwamba kuona kunashughulikiwa kisogoni, mbali na macho yenyewe. Kasoro ya kwanza ni uzito. Ubongo wa mtu mzima una takriban kilo 1.3 hadi 1.4, na huu wa plastiki ni mwepesi mno. Nazungusha darasani chupa ya maji ya lita moja na nusu niliyoipunguza kidogo, kila mtu aipime mkononi. Hapo ndipo nawaambia kwamba kitu hicho, ambacho ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, kinatumia karibu asilimia 20 ya nishati yetu hata tukiwa tumekaa kimya.

Pini zinazoshika vipande zinalegea haraka. Tuendelee.

Mahali ambapo kifaa hiki kimenilipa pesa yangu yote ni pale kinapogawanyika katikati, nusu ya kulia na nusu ya kushoto. Ukitenganisha nusu hizo unaiona kopasi kalosamu imekatwa, ule utepe mnene wa nyuzi za neva unaounganisha pande mbili. Ndivyo madaktari walivyowafanyia baadhi ya wagonjwa wa kifafa kikali nchini Marekani: walikata utepe huo ili mlipuko wa umeme ulioanzia upande mmoja usivuke kwenda wa pili. Mtafiti wa ubongo Roger Sperry na wenzake wakawapima wagonjwa hao, na mwaka 1981 akapata Tuzo ya Nobel. Mimi huigiza jaribio lao mezani. Mgonjwa anakazia macho nukta iliyo katikati. Upande wa kushoto wa nukta linamulika neno "ufunguo" mara moja na kupotea. Habari hiyo inaingia nusu ya kulia ya ubongo, lakini kwa watu wengi uwezo wa kusema uko nusu ya kushoto, na daraja limeshakatwa. Ukimuuliza ameona nini, anajibu hajaona kitu. Ukimwambia apapase vitu kwa mkono wa kushoto bila kuangalia, anatoa ufunguo.

Darasa hunyamaza hapo, kisha maswali yanamwagika. Ni nani aliyeona? Mtu huyu ni mmoja au wawili? Nikiwa na picha ya kitabuni tu sijawahi kupata maswali ya namna hiyo. Nikishika nusu moja mkono huu na nyingine mkono ule, hata anayechukia biolojia anafuatilia. Nawaonya tu kwamba hili halithibitishi yale maneno ya mitandaoni kuwa kuna watu "wa ubongo wa kulia" wenye vipaji vya sanaa na "wa ubongo wa kushoto" wenye akili za hesabu. Daraja la mtu asiyefanyiwa upasuaji huo halijakatwa. Pande zote mbili zinafanya kazi pamoja mchana kutwa.

Kijitabu kilichokuja nacho kina kosa ambalo mwalimu mgeni angelibeba hadi kwenye mtihani. Namba za eneo la Broca na eneo la Wernicke, yote mawili ya lugha, zimebadilishana. Broca ni la mbele, kwenye lobu ya paji upande wa kushoto. Mwaka 1861 huko Paris, Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alikuwa akielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika sehemu hiyo. Carl Wernicke alieleza tatizo la aina nyingine mwaka 1874: mgonjwa anaongea kwa mtiririko mzuri lakini maneno hayaleti maana, na kuelewa kwake wengine kumeharibika. Hilo ni eneo la nyuma, panjani. Mimi nimefuta namba za kijitabu na kubandika vikaratasi vyangu.

Kwa lobu ya paji namtumia Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli huko Vermont, Marekani. Septemba 1848 baruti ililipuka na nondo ya urefu wa zaidi ya mita moja ikaingia chini ya shavu lake la kushoto, ikatokea juu ya kichwa. Akapona. Kwa kalamu unaweza kuonyesha njia nondo ilimopita kwenye plastiki, na wanachuo wanashika mdomo. Lakini hapa nina ugomvi na masimulizi ya kawaida, yanayomfanya Gage kuwa mhuni asiyefaa kitu hadi kufa kwake mwaka 1860. Tabia yake ilibadilika, ndiyo, daktari wake aliandika hivyo. Hata hivyo baadaye aliendesha magari ya farasi ya abiria nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi ambayo mtu asiyeweza kujitawala hawezi kudumu nayo.

Sasa niseme pale kifaa kinaponiangusha. Hipokampasi na amigdala, sehemu zinazohusika na kumbukumbu na hisia, hazionekani. Ziko ndani ya lobu ya panja, na kiwanda kimeiacha panja kama bonge moja lisilo na ndani. Nimezichora kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa kipande, kazi ya ovyo lakini inasaidia, kwa sababu bila hipokampasi huwezi kueleza kisa cha Henry Molaison, aliyejulikana kwa miaka mingi kwa herufi H.M. tu. Mwaka 1953 alitolewa sehemu za ndani za panja pande zote mbili ili kutuliza kifafa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya ya matukio. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiutazama kwenye kioo. Kila siku mkono wake uliboreka, na kila siku aliamini ndiyo mara yake ya kwanza kuifanya. Walimu tarajali wanalipenda hili kwa sababu linawagusa kazini: mtoto kujua kufunga kamba za viatu na mtoto kukumbuka alifundishwa lini na nani ni kumbukumbu mbili tofauti.

Kifafa kikitajwa tu, kuna mwanachuo atauliza afanye nini mwanafunzi akianguka darasani. Swali hili huwa nasimamisha somo kulijibu. Mlaze ubavu akiacha kutikisika, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa; ikipita dakika tano, mkimbizeni hospitali. Wengine wamekulia kwenye hofu kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza. Ni hofu ya zamani, Dk. Louise Jilek-Aall aliikuta Mahenge alipokuwa akiwatibu wenye kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kifafa ni seli za neva kutoa umeme kwa fujo kwa wakati mmoja, na umeme wa namna hiyo hauambukizi kwa mate.

Kasoro kubwa zaidi haitibiwi kwa kalamu ya wino. Rangi nne zinamfundisha mwanafunzi kwamba kila tabia ina chumba chake. Nimesahihisha majibu ya mtihani yanayosema "panja inakumbuka, paji inafikiri, kisogo kinaona", basi. Hilo linakaribia mafundisho ya Franz Joseph Gall, aliyepapasa vinundu vya fuvu ili ajue tabia ya mtu. Tabia inatokea kwenye mazungumzo kati ya seli, na seli za neva ni kama bilioni 86, plastiki haizungumzi. Ugonjwa wa Parkinson, kwa mfano, unatokana na kufa kwa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli, ndani kabisa ya shina la ubongo, na kwenye kifaa changu sehemu hiyo ni rangi ya krimu tupu.

Kwa hiyo kwenye kipindi cha sinapsi, yaani mahali seli moja ya neva inapopeleka ujumbe kwa nyingine, kifaa nakiacha boksini na kusimulia vyura wa mwanasayansi Otto Loewi. Mwaka 1921 alichukua mioyo miwili ya vyura, akasisimua neva ya moyo wa kwanza hadi mapigo yakapungua, kisha akachukua maji yaliyouzunguka na kuyamimina kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo, bila neva yake kuguswa. Kumbe kilichopeleka ujumbe ni kemikali. Hadithi hiyo haihitaji kifaa chochote, na baada yake dopamini na serotonini zinaacha kuwa maneno ya kukariri.

Ukiwa unafundisha darasa kubwa, nunua. Ukiwa mwanafunzi unayesoma peke yako, pesa hiyo nunulia bando na nakala za kitabu. Shika kichwa chako mwenyewe kwa lobu nne na chora sehemu zilizobaki. Kabla ya kulipa, fungua boksi dukani uhesabu vipande vyote vinane na ujaribu kila pini, kwa sababu spea hazipo. Nilipouliza kama naweza kupata ubongo mdogo peke yake endapo utapotea, muuzaji alinijibu ninunue mzima mwingine.